Kampasi nzuri ni ipi hasa, na uzuri wake unakusaidia nini?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nimechaguliwa vyuo viwili, kozi ni ile ile na ada hazijapishana sana. Cha kwanza ukiona picha zake unatamani uhamie leo leo, majengo ya vioo, nyasi kijani, chemchemi ya maji pale getini. Cha pili ni majengo ya zamani ya zege, yamebanana, hakina mbwembwe yoyote, ila nilipoenda kukitembelea sikutaka kuondoka na mpaka leo sijui kwa nini. Nyumbani wananiambia mambo ya uzuri wa mazingira ni ya kitoto, niangalie masomo. Naomba unisaidie, kampasi nzuri ni ipi hasa, na hivi ina maana yoyote au najidanganya tu?"

Marahaba mdogo wangu. Swali lako nimelisoma mara tatu, na pale uliposema hukutaka kuondoka halafu hujui kwa nini, hapo ndo nikaamua nikujibu kwa kirefu, maana hiyo sentensi moja imebeba karibu kila kitu nilichokihangaikia miaka yote hii ya kupanga viwanja vya shule na vyuo. Hujidanganyi hata kidogo. Ila kuna uzuri wa aina mbili hapo na watu wengi wanauchanganya, nadhani hata nyumbani kwenu wameuchanganya ndo maana wanauita wa kitoto.

Kuna uzuri wa kupigwa picha na kuna uzuri wa kukaliwa. Ule wa kwanza unauona ukiwa getini au kwenye tovuti ya chuo, wa pili unaujua baada ya saa mbili tatu, ukiwa umekaa mahali na umesahau hata kuangalia muda. Vyuo vinamwaga hela nyingi kwenye ule wa kwanza kwa sababu ndo unaovuta waombaji, na mimi siudharau, jengo zuri ni zuri. Lakini kwa mtu anayeenda kuishi pale miaka mitatu minne, huu wa pili ndo wenye kazi, na una kazi kubwa kuliko hata nilivyoamini mimi nilipoanza fani hii.

Anza na neno lenyewe. Kampasi limetoka kwenye Kilatini, maana yake uwanja, shamba. Wanaotajwa kulitumia kwa chuo mara ya kwanza ni watu wa Princeton kule Marekani, enzi hizo kikiitwa College of New Jersey, mwaka 1774, na hawakuwa wanayaita majengo jina hilo, walikuwa wanauita ule uwanja uliolizunguka jengo lao la Nassau Hall. Kwa hiyo tangu mwanzo kampasi ni ile nafasi iliyobaki wazi, majengo ni kuta zake. Mimi hilo nalichukulia kwa uzito sana, nikipewa ramani ya chuo kitu cha kwanza napaka rangi sehemu zote ambazo hazina jengo, halafu naiangalia ile rangi ina umbo gani. Ikiwa na umbo la kueleweka, kama vyumba vikubwa visivyo na paa vinavyopokezana, chuo hicho kina bahati. Ikiwa ni vipande vipande vilivyobaki baada ya kila mkuu kuja na jengo lake na kulitupia popote penye nafasi, basi hata kila jengo liwe na tuzo yake, ukitembea pale utajisikia mgeni mpaka unamaliza digrii.

Mfano tunaofundishwa wote kwenye fani hii ni University of Virginia, kile ambacho Thomas Jefferson, aliyewahi kuwa rais wa Marekani, alikianzisha mwaka 1819. Jefferson hakutaka jengo moja kubwa, alitaka kitu kama kijiji cha wasomi. Akapanga nyumba kumi kwa safu mbili zinazotazamana, profesa anaishi juu anafundisha chini, katikati ya nyumba na nyumba kuna vyumba vya wanafunzi, na zote zimeunganishwa na baraza ndefu yenye nguzo ili mtu atembee bila kulowa mvua. Katikati ya safu ni uwanja wa nyasi unaoshuka taratibu. Kichwani mwa uwanja hakuweka kanisa kama ilivyozoeleka wakati ule, aliweka maktaba, jengo la duara lenye kuba, ameiga Pantheon, lile hekalu la kale la Roma, kwa nusu ya kipimo. Na mwisho wa uwanja, upande wa pili, hakuweka kitu. Aliacha wazi, ukisimama maktaba unaangalia mbali kuelekea milimani.

Halafu mwaka 1895 ile maktaba ikaungua, na kwenye ukarabati uliofuata chuo kikajenga majengo mapya pale pale palipoachwa wazi. Aliyeyachora ni Stanford White, msanifu mwenye jina kubwa, na majengo yenyewe hayana ubaya wowote. Lakini ule mwanya wa milima ulizibwa, na kila nikiitazama ramani ya kwanza roho inaniuma, kwa sababu kuacha wazi ni kazi ngumu kuliko kujenga, na inahitaji viongozi watano au kumi wanaopokezana wote wawe na subira ya kutogusa.

Watu walikuwa wanajua siri hii muda mrefu kabla ya Jefferson. Al-Azhar ya Cairo, msikiti na chuo cha karne ya 10, ina ua mpana umezungukwa na varanda zenye nguzo, na masomo yalikuwa ni duara la watu waliokaa chini mbele ya mwalimu. Merton College pale Oxford wana ua wao unaitwa Mob Quad, mdogo tu, walianza kuujenga mwishoni mwa karne ya 13 wakamaliza karne ya 14, na mpaka leo unatumika. Dini tofauti, hali ya hewa tofauti kabisa, jibu ni moja: zungushia kuta, acha katikati wazi, weka milango michache. Ua unakata upepo na kelele za nje, lakini kubwa zaidi ni kwamba ukitoka chumbani kwako lazima upite pale, na ukipita pale lazima ukutane na mtu. Wewe umesema chuo cha pili majengo yamebanana. Kubanana sio tatizo lenyewe, nenda kaangalie yamebana nini katikati yake.

Mitindo ya majengo nitaipita haraka kwa sababu watu wanaipa uzito kuliko unaostahili. Sehemu kubwa ya Yale na Princeton unayoona inafanana na majumba ya zama za kati ilijengwa mwishoni mwa karne ya 19 na karne ya 20, ni kuiga, na bado inapendeza kwa sababu walioiga hawakuiga minara tu, waliiga na nyua zake. Na zege watu wanaloliogopa sio adui. University of East Anglia kule Uingereza, mabweni yaliyochorwa na Denys Lasdun miaka ya 1960 ni zege tupu, limepangwa ngazi ngazi kama piramidi linashuka kuelekea kwenye bonde la nyasi, ni moja ya vitu vizuri nilivyowahi kuvisoma kwenye michoro. Kinachofanya zege lichukiwe mara nyingi ni maji yanayotiririka ukutani kwa sababu mifereji imeziba, miaka na miaka.

Kinachonigusa zaidi ya mtindo ni jengo kujua liko wapi duniani. Chuo Kikuu cha Obafemi Awolowo pale Ile-Ife, Nigeria, wakati kinaanza miaka ya 1960 kikiitwa University of Ife, msanifu Arieh Sharon alipanga majengo ya sanaa na lugha kama piramidi zilizogeuzwa juu chini, yaani kila ghorofa inachomoza mbele kuliko ya chini yake. Ukiangalia kwa haraka utafikiri ni mbwembwe, kumbe ile ghorofa ya juu ndo mwamvuli wa ya chini, jua la saa sita halifiki dirishani, na chini kabisa ameacha wazi upepo upite na watu wakae kivulini. Uzuri na kazi ni kitu kimoja pale, huwezi kuondoa kimoja kikabaki kingine. Frederick Law Olmsted, mpangaji wa bustani na mandhari, naye alipoitwa kupanga chuo cha Stanford kule California, mwaka 1886, wenye hela walitarajia nyasi na miti ya kule mashariki mwa Marekani kwenye mvua nyingi, yeye akawaambia hapa ni pakavu, angalieni nchi za jua la Mediteranea wanavyofanya. Ndo maana ule ua mkuu wa ndani sio nyasi, ni sakafu yenye visiwa vya mimea, na kuzunguka kote kuna varanda za matao ya mawe. Na Simon Fraser kule Kanada, kilichofunguliwa 1965 juu ya mlima wenye mvua isiyoisha, Arthur Erickson na Geoffrey Massey waliweka uwanja wa kati wakaufunika kwa paa kubwa la vioo, wanafunzi wakutane hata kukinyesha. Sasa nikisikia chuo kimejivunia nyasi kijani mwaka mzima, swali langu la kwanza ni maji yanatoka wapi, na la pili ni nani anaruhusiwa kuzikalia.

Hilo la kuzikalia nina kidonda nalo. Niliwahi kuitwa na chuo kimoja, jina naliacha, wakitaka ushauri juu ya wanafunzi wanaoharibu bustani. Nikafika nikakuta uwanja mzuri kweli, katikati una njia moja imenyooka toka getini hadi utawala, na kwenye nyasi kuna vijia vimechimbika kwa miguu, kimoja kinatoka hosteli kwenda maktaba, kingine maktaba kwenda kantini, na kila kijia kimewekewa kibao cha usikanyage nyasi. Wanafunzi walikuwa hawaharibu chochote, walikuwa wanachora ramani ya chuo chao kwa miguu, bure kabisa, kazi ambayo sisi wataalamu tunalipwa kuifanya. Niliwaambia wavitengeneze vile vijia, waviwekee mawe, pembeni wapande miti, kwisha. Wakajenga uzio. Nilipopita tena baada ya mwaka uwanja ulikuwa kijani kama mkeka mpya na hakuna mtu hata mmoja ndani yake, na picha yake ndo iliyowekwa mbele kwenye kitabu cha kujiunga. Mpaka leo nikiona picha ya chuo isiyo na watu napata mashaka.

Kuna jamaa anaitwa William H. Whyte, miaka ya 1970 alikaa na kamera kwenye viwanja vya wazi vya New York akirekodi watu wanakaa wapi na kwa nini. Alipima jua, ukubwa wa uwanja, umbo, vyote, na jambo lililomtokea mbele likawa la kawaida mpaka linachekesha: watu wanakaa palipo na pa kukaa. Viwanja vingi havina. Au vina, ila benchi limewekwa juani, au limegeukia ukuta, au liko katikati ambako kila anayepita anakutazama. Aligundua pia kwamba kiti kinachohamishika mtu akikikuta hukisogeza kidogo kabla ya kukaa, hata kama amekisogeza inchi chache tu zisizobadilisha kitu, kwa sababu kile kitendo kinafanya nafasi iwe yake. Na mwanajiografia Mwingereza, Jay Appleton, mwaka 1975 alieleza kitu ambacho ukikijua utaanza kukiona kila mahali: binadamu anapenda kukaa pale ambapo mgongoni kuna kinga na mbele kuna upeo, aone bila kuonwa sana. Mti wenye shina nene, ngazi pana pembeni ya jengo, kona ya varanda. Kampasi yenye sehemu kama hizo hamsini, hata kama hazina jina wala kibao, inashinda yenye chemchemi moja getini.

Haya, je ina maana yoyote? Nikupe ninachokitegemea, ili na nyumbani uwe na cha kuwaambia.

Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha utafiti wa hospitali moja ya Pennsylvania. Alichukua wagonjwa 46 waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo, nusu yao dirisha lilitazama miti, nusu lilitazama ukuta wa tofali, akawalinganisha wawili wawili wanaofanana. Wa miti waliruhusiwa mapema zaidi na walitumia dawa kali za maumivu kidogo zaidi. Ni hospitali sio chuo, na watu ni wachache, lakini ulifungua mlango. Mwaka 1995 wakapimwa wanafunzi wa chuo kwenye mabweni yao, na wale ambao dirisha linaonyesha miti na kijani walifanya vizuri zaidi kwenye vipimo vya umakini. Kisha 2008, Chuo Kikuu cha Michigan, watu walipewa kazi ya kukariri namba na kuzirudia kinyumenyume, wakatumwa kutembea karibu saa nzima, mara moja kwenye bustani ya miti na mara nyingine katikati ya mji, wakarudi wakapimwa tena. Wakitoka kwenye miti wanapanda kama asilimia 20, wakitoka mjini hamna kitu. Na hata waliotembea kwenye baridi na hawakuyafurahia yale matembezi walipata faida ile ile. Maelezo ya Rachel na Stephen Kaplan wa chuo hicho hicho ni kwamba umakini wa kujilazimisha, ule wa lekcha na mtihani, unachoka kama msuli, na miti na majani na maji vinakuvuta macho taratibu bila kukudai chochote, ule msuli ukapumzika. Kwa hiyo mti ulioko njiani kati ya darasa na maktaba unafanya kazi ya masomo kabisa, sio pambo.

Ila kinachonishika mimi kuliko miti ni hiki kingine, cha 1950. Mwanasaikolojia Leon Festinger na wenzake wawili walichunguza nyumba za wanafunzi waliooa pale MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, watu waliopangiwa nyumba bila kuchagua jirani. Wakauliza kila mtu marafiki zake ni nani. Wa mlango unaofuata walitajwa kwa asilimia 41, wa mlango wa pili asilimia 22, wa mwisho kabisa wa korido ile ile asilimia 10. Korido ile ile! Umbali wa hatua chache. Na waliokaa karibu na ngazi walikuwa na marafiki wengi zaidi wa ghorofa ya pili, kwa sababu tu watu walikuwa wanapita mlangoni kwao. Mtu aliyechora ngazi zile mahali pale alikuwa anaamua nani atajuana na nani maisha yake yote, na sidhani kama alijua. Sasa jumlisha na chuo kizima. Marafiki utakaowapata, yule atakayekuelewesha hesabu iliyokushinda, mwalimu utakayekutana naye nje ya ofisi ukapata ujasiri wa kumuuliza swali, hao wote wanapitia kwenye vijia na ngazi na mabaraza. Chuo ambacho kipindi kikiisha kila mtu anakimbilia getini kimekunyima nusu ya ulichokilipia ada. Ndo maana ile hali yako ya kutotaka kuondoka mimi naipa uzito kuliko vioo.

Louis Kahn, msanifu aliyechora chuo cha menejimenti cha Ahmedabad kule India kwa tofali za kuchoma kuanzia miaka ya 60, alikuwa akisema shule ilianza na mtu aliyekaa chini ya mti akiwaeleza wenzake anachokiwaza, yeye hajui kama ni mwalimu na wao hawajui kama ni wanafunzi. Kule Ahmedabad korido zake ni pana, zina kina, zina kivuli na matundu makubwa ya duara ukutani, ziko vile ili mjadala ukitoka darasani usife mlangoni.

Sasa nisiwe muongo, kuna ushahidi wa upande wa pili na ni mzito. MIT hao hao mwaka 1943, wakati wa vita, walijenga haraka haraka jengo la mbao la ghorofa tatu la watafiti wa rada, wakaliita tu Jengo namba 20, lilitakiwa libomolewe vita ikiisha. Likakaa mpaka 1998. Joto wakati wa joto, baridi wakati wa baridi, linapiga kelele, hakuna mtu aliyewahi kuliita zuri. Na waliokaa mle wanalililia mpaka leo, mwanaisimu Noam Chomsky alikuwa na ofisi mle, wanaisimu walikuwa korido moja na wahandisi, na kwa kuwa hakuna aliyelijali ukitaka kutoboa ukuta unatoboa, ukitaka kupitisha waya unapitisha. Mahali pale pakajengwa Stata Center ya msanifu Frank Gehry, ikafunguliwa 2004, jengo la kupigwa picha dunia nzima, na 2007 chuo kikamfungulia kesi kwa madai ya kuvuja na nyufa, wakamalizana kwa makubaliano 2010. Watu hutumia kisa hiki kusema uzuri hauna maana. Mimi nakisoma hivi: lile la mbao lilikuwa na ule uzuri wa kukaliwa tele, korido ndefu za kukutana, ruhusa ya kuligusa, ila halikuwa na sura. Tena likiwa na kivuli na dirisha la maana lingepungukiwa nini?

Na kuna jambo halizungumzwi kwenye vitabu vya picha, nani anaubeba huo uzuri. Ule uwanja wa Virginia niliokusifia ulijengwa kwa mikono ya watumwa, walichoma tofali, walibeba, walitumikia maprofesa na wanafunzi kwa miongo kadhaa, na mnara wa kumbukumbu yao umekamilika juzi tu, 2020. Siwezi kuutaja ule uwanja bila hao. Hata leo uzuri wa chuo chochote upo mikononi mwa anayefagia alfajiri na anayezibua mifereji kabla ya mvua, na hao ndo wa kwanza kupunguzwa bajeti ikibana. Chuo kinachojenga ukumbi mpya huku vyoo vya ghorofa ya pili havina maji hakijui uzuri ni nini, nalisema hilo bila kupepesa. Vivyo hivyo ngazi. Ngazi pana ni nzuri sana kwa macho, lakini kama anayetumia kiti cha magurudumu inabidi azunguke nyuma kwenye mlango wa mizigo, huo uzuri umemtukana, na hakuna sababu ya kitaalamu ya kushindwa kuweka mteremko ukawa sehemu ya ngazi toka mwanzo.

Na usiku. Kama wewe ni binti, hili nakuomba ulichukue kwa makini kuliko yote. Kampasi inayopendeza saa nne asubuhi inaweza ikawa nyingine kabisa saa tatu usiku, vichaka virefu kando ya njia, taa moja kali inayokuacha kipofu ukiipita halafu giza. Taa nyingi hafifu zilizo karibu karibu ni bora kuliko mlingoti mmoja mkali, na njia inayopita mbele ya madirisha yenye watu ni bora kuliko ya mkato nyuma ya majengo.

Kuhusu uzito wake, walimu na kozi vinatangulia. Chuo kingekuwa na walimu wasiofika darasani ningekwambia kikimbie hata kama kiko peponi. Ila umesema kozi ni ile ile na ada zinakaribiana, hapo mahali panakuwa na haki ya kuamua, na wala usione aibu.

Kwa hiyo rudi ukavione vyote viwili, na hicho cha vioo ukipe nafasi ya haki maana mpaka sasa umekihukumu kwa picha, inawezekana nyuma ya ile chemchemi kuna ua mzuri hawajaupiga picha. Usiende siku ya wageni, siku hiyo kila kitu kimepakwa rangi. Nenda siku ya kawaida ya katikati ya wiki, saa kumi jioni vipindi vikiwa vinaisha, ukae saa nzima bila simu, uangalie watu wasio na kipindi wanafanya nini, wanabaki au wanaondoka, na mtu aliye peke yake ana pa kukaa bila kuonekana wa ajabu au hana. Fuata vijia vya nyasi uone vinakupeleka wapi. Ingia chooni jengo la madarasa, sio la utawala. Tembea toka hosteli hadi maktaba giza likishaingia, ukiwa na mtu. Muulize anayefagia amefanya kazi pale miaka mingapi. Angalia unene wa mashina ya miti, kwa sababu jengo unalipata kwa miaka miwili lakini kivuli cha mti mkubwa hukipati hata uwe na hela kiasi gani, na chuo kilichoacha miti yake isimame wakati kinajenga kina watu wenye akili ndani yake.

Na ukifika kile cha pili, kabla ya yote hayo, nenda moja kwa moja pale ulipokuwa siku ile hukutaka kuondoka. Kaa vile vile ulivyokaa. Angalia mgongoni kwako kuna nini, mbele unaona mpaka wapi, kivuli kinatoka upande gani, nani anapita na anakwenda wapi. Halafu niandikie uniambie.